Samaki Mwenye Kichwa

Mama yangu alimaliza wiki tatu kwangu Rinkeby, pembeni mwa Stockholm, bila kula chakula cha maana. Alikuwa ametoka kambi ya wakimbizi Kigoma, akatua theluji bado imejificha kwenye vivuli vya magorofa, na kila nilichomwekea mezani alikisogeza kwa kidole. Nilimpa salmoni wa vipande. Akamgeuza, akauliza, "Kichwa chake kiko wapi? Mimi sili kitu nisichokijua sura." Nikashuka duka la Waafrika, nikamletea sato aliyeganda kama tofali. Akaonja kidogo, akasema huyu amekufa mara mbili. Akarudi kwenye chai yake.

Magauni yalikuwa yanampwaya. Daktari wa kituo cha afya alisema hana ugonjwa wowote, ila akiendelea hivyo watamlaza na kumlisha kwa mpira puani. Nilipomtafsiria, mama alicheka. Mimi sikucheka.

Sasa, nilikuwa na rafiki. Nasema nilikuwa. Kambini tulifunikwa blanketi moja, na mama ndiye aliyekuwa akitupikia wote wawili, kwa sababu mwenzangu hakuwa na wa kumpikia. Alinitangulia Sweden miaka minne. Ndiye aliyenifundisha kuvaa suruali mbili na kukata kadi ya treni ya mwezi. Aliishi Skärholmen, upande wa pili wa jiji, na alikuwa amejiunga na chama cha wavuvi wa mto mmoja kusini mwa jiji, Wasweden watupu, mweusi yeye peke yake. Habari za chama kile alizisimulia kama wengine wanavyosimulia kwaya ya kanisani. Nilipomweleza habari za mama akasema, "Jumamosi twende. Ukimpata, ni wa mama."

Tulifika mtoni asubuhi mapema kwa gari lake. Theluji ya bara ilikuwa inayeyuka, mto umejaa mpaka kwenye mizizi ya miti, maji yana rangi ya chai iliyotiwa maziwa kidogo. Samaki tuliyemtafuta ni trauti wa baharini, ndugu yake salmoni, anayepanda mtoni na kurudi. Rafiki yangu aliniazima suruali yake ya mpira ya kufika kifuani, yenye kiraka alichokibandika mwenyewe gotini, na fimbo yake ya zamani. Kibali cha siku alinijazia yeye, maana maandishi ya nyuma yalikuwa ya Kiswidi, tena madogo kama chawa.

Kuvua kwao kuna adabu yake. Unaingia juu, unarusha, unaacha maji yabebe chambo, unashuka hatua moja, unarusha tena. Nyuma yako anakuja mwingine, naye hatua moja. Ukifika chini unatoka, unakaa kwenye benchi mpaka zamu yako irudi. Watu hawa hata samaki wanampangia foleni. Nilishuka mto ule mara saba. Nilianguka mara mbili, maji yakaingia kwenye suruali, miguu ikafa ganzi. Vyambo vinne vya bati vilibaki kwenye magogo ya chini. Wengine wote hawakupata kitu, na walionekana kuridhika. Mimi nilikuwa namuona mama na mpira puani.

Mara ya nane, mshipi ulisimama. Nilidhani ni gogo tena, nikatukana. Gogo likaondoka.

Sijui nilipigana naye muda gani. Nilimvuta mpaka kwenye majani, nikamlalia kwa kifua, nikampiga jiwe kichwani mara tatu. Mara moja ingetosha, lakini niliogopa asije akaniponyoka. Kwetu samaki akishatoka majini unamuua, la sivyo anarudi alikotoka, na wewe unarudi nyumbani na hadithi.

Rafiki yangu alikuja mbio akicheka. Akamgeuza samaki, kicheko kikakatika. Aligusa pezi dogo karibu na mkia. "Huyu ni wa asili," akasema. "Wa kufugwa wanakatwa pezi hili kabla ya kuachiwa mtoni. Wenye nalo wanarudishwa."

"Wanarudishwa wapi?"

"Majini."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilisahau. Kwangu ni kitu cha kawaida."

Mzee wa chama alikuwa ameshafika, na wenzake wawili nyuma yake. Hakufoka. Alimuuliza rafiki yangu kwa upole kabisa, "Huyu ni mgeni wako?" Kwa sababu mwanachama akileta mgeni, makosa ya mgeni ni yake.

Rafiki yangu alinitazama. Akaitazama ile suruali yenye kiraka. Kisha akajibu kwa Kiswidi safi, "Hapana, simjui. Tumekutana tu pale maegesho."

Mimi ni mtu wa maneno, wanaonijua wanajua. Siku ile Kiswidi chote kilinikimbia, na Kiswahili pia. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema, na mimi nilikuwa nimeivaa nguo yenyewe.

Mzee alichukua kibali changu, akaandika kitu daftarini, akamkabidhi rafiki yangu samaki ampeleke kwenye kibanda cha chama. Nilivua suruali, nikaiweka benchini pamoja na fimbo, nikavaa viatu vyangu, nikapanda hadi barabarani. Nilisimama pale kumsubiri. Nilisema moyoni, ameogopa tu, atanipitia. Mlio wa gari lake naujua. Lilikuja, likanipita.

Nilipanda basi, treni, treni nyingine. Nilifika Rinkeby jioni, soksi bado zimelowa, na kwenye ngazi nikakutana na harufu ya samaki wa kukaanga na nyanya.

Mama alikuwa mezani, mikono yote miwili kwenye samaki. Rafiki yangu amekaa kwenye kiti changu.

"Umechelewa wapi?" mama akaniuliza. "Mwenzako amenivulia samaki. Mwenye kichwa!" Alikuwa akikifyonza. Akakiinua, akamwonyesha rafiki yangu. "Lakini mwanangu, ulimpiga nini hivi? Mara tatu. Ulikuwa na hofu gani?"

Nilisubiri. Nilimpa nafasi, Mungu ni shahidi.

"Maji yalikuwa mengi, mama," akasema, macho kwenye sahani.

Njia nzima nilikuwa nimepanga maneno, na yote yalikuwepo mdomoni. Mama alimega tonge, akachovya, akala. Akamega jingine.

"Umesimama tu? Mshukuru mwenzako."

"Asante," nikasema.

"Na ugali umeisha. Tuongezee, mimi na yeye."

Nikaenda jikoni. Nikampakulia mama kwanza, kisha nikampakulia yeye.