Siku Tulipoipokea Ndege

Juzi nilikwenda kiwanja cha ndege kumpokea mjukuu wangu, na kama kawaida yangu sikushuka garini. Mwanangu alinibembeleza: "Mama, twende ukaone walivyokipanua, jengo lote vioo, na siku hizi basi linakuja mpaka mlangoni." Nikamwambia miguu inaniuma. Uongo mtupu, miguu yangu ni mizima kuliko yake. Akaenda kanuna, nami nikabaki nikiwatazama akina mama wa vitenge vipya wakisukumana kwenye uzio, na askari kijana akiwarudisha nyuma kwa adabu: "Mama zangu, mwisho hapo, tafadhali." Mmoja akapiga kigelegele. Wee acha tu. Nilipandisha kioo cha gari mpaka juu.

Wanangu husema mama yao hajui kupokea wageni. Wana haki ya kusema, maana sijawahi kuwasimulia. Ngoja nikusimulie wewe, rafiki yangu, kwa kuwa nawe ulikulia enzi zile na sina haja ya kukueleza foleni ya sukari ilikuwaje.

Kijiji chetu cha ujamaa kilikuwa Mbozi, juu kwenye baridi, mwendo wa nusu siku kwa miguu kutoka Mlowo. Asubuhi za kiangazi uliamshwa na harufu ya kahawa iliyoanikwa kwenye chanja na moshi wa bibi akichemsha maharage. Baba alikuwa kibarua wa reli huko Tunduma, tukimwona sikukuu tu. Nyumbani tulikuwa bibi mzaa baba, mama, na mimi. Bibi alikuwa na jambo moja lililoweza kumtoa hata kwenye chakula: mgeni. Akisikia mgeni yuko njiani, huacha mwiko chunguni na kutoka mbio kwenda kumlaki barabarani, ampokee mzigo, arudi naye akiimba. "Mgeni akifika mlangoni peke yake," alikuwa akisema, "mjue nyumba hiyo haina watu." Kijiji kizima kilikuwa hivyohivyo, ila yeye alizidi.

Chini ya kijiji palikuwa na kiwanja cha ndege alichoacha mzungu mmoja wa kahawa, aliyeondoka kabla hatujahamia pale. Kifupi, kimeota nyasi, mbuzi wanalala humo. Nikiwa darasa la nne, katibu wa tawi akaitisha mkutano. Tutakipanua, akasema, na tutachimba barabara ya kukiunganisha na barabara kuu, na mkubwa mmoja atakuja kwa ndege kukifungua. Kisha akasema neno ambalo mama yangu alilishika: ndege ya madaktari nayo itaweza kutua, na mgonjwa atafika hospitali kubwa kabla chai yake haijapoa. Mama alikuwa mjamzito. Kabla yangu alikuwa amezika watoto wawili kwa kukosa usafiri. Siku hiyo alirudi nyumbani akichekacheka peke yake.

Tulifanya kazi, usiniulize. Shamba la ulezi la bibi likaingia kiwanjani, naye akalitoa bila kinyongo. Wanaume waling'oa visiki, sisi wanafunzi tukabeba udongo kwa vikapu badala ya kusoma hesabu, na wanawake wakaushindilia. Bibi alikuwa bingwa wa kushindilia sakafu za nyumba, basi akakabidhiwa kiwanja kizima. Walijipanga mstari, kila mmoja na gogo lake lenye mpini, wakapiga chini kwa mapigo ya wimbo wa Kinyiha mpaka ardhi ikawa ngumu kama ya sebuleni. Vumbi jekundu liliingia hadi kwenye togwa. Mama naye alipiga, na tumbo lake lile, mpaka bibi akamnyang'anya gogo na kumfukuza akapumzike. Barabara ilisonga vizuri hadi mtoni, ikasimama ikisubiri daraja. Inasubiri mpaka leo.

Halafu mazoezi. Katibu alitufundisha: ndege ikionekana, kila mtu aingie kiwanjani, nyimbo juu, matawi juu. Wiki tatu tulifanya hivyo tukiangalia mawingu. Mkubwa mwenyewe akaja kwa Landrova, akakaa robo saa, akatusifu, akaondoka. Hakuna aliyetuambia kwamba ndege ikija watu hukaa pembeni. Na sisi tungejuaje, jamani? Hakuna hata mmoja aliyewahi kuiona ikitua.

Uchungu ulimshika mama wiki chache baadaye, siku ya Jumapili. Jumatatu jioni mtoto alikuwa bado. Mganga wa zahanati akapanda baiskeli mpaka Mlowo, kwenye simu ya upepo ya polisi, akarudi Jumanne asubuhi amelowa jasho. "Inakuja," akasema. "Saa tatu." Bibi alipiga magoti akalia kwa furaha. Kisha akainuka, akajifunga kitenge cha sikukuu, akapita nyumba hadi nyumba: ndege inakuja kumchukua mkwe wangu, njooni tuipokee. Hakuna aliyebaki ndani.

Mama walimleta kwa machela, wakamlaza kivulini kando ya kiwanja. Nilimshika mkono, ulikuwa wa baridi. Nilitaka kubaki. Akaniambia, nenda, nenda kamsaidie bibi yako kupokea, msije mkaniaibisha. Ndivyo alivyoniambia. Nikaenda mbio.

Ndege ilitokea upande wa Mbeya, ndogo, nyeupe. Tukaingia kiwanjani sote, bibi mbele, palepale katikati palipokuwa shamba lake la ulezi. Ikashuka, ikapita juu yetu karibu iguse matawi, ikapanda tena. Tukashangilia, anatusalimia! Ikazunguka, ikarudi. Safari hii nilimwona rubani, ametoa mkono dirishani, anaupunga kwa nguvu, huku na huku. Tukampungia. Bibi alimpungia kwa mikono miwili. Akarudi mara ya tatu, akarudi mara ya nne, mkono nje, na kila alivyozidi kupunga nasi tulizidi kupunga na kuimba. Hata wachache waliokuwa pembeni waliona haya wakaja kujiunga. Mganga wa zahanati peke yake ndiye aliyeelewa. Alikuwa akikimbia kutoka kwenye machela akipiga kelele, tokeni, tokeni nyie watu, lakini nani angemsikia kwa vigelegele vile? Ndege ikageuza, ikaenda zake. Tuliiimbia mpaka ikapotea.

Mfanyabiashara mmoja wa Tunduma alikuwa akinunua mahindi kijiji cha jirani. Alipoambiwa, aliangusha magunia yake kando ya njia bila kuuliza swali, akaleta lori. Lakini mtoni hapakuwa na daraja, ikabidi kuzunguka milimani. Mama alikufa kabla ya kufika Mlowo, na mtoto tumboni.

Watu walimlaumu katibu. Katibu akamlaumu rubani, eti angeandika barua kwanza. Mimi nilimlaumu bibi. Nasema kweli, nilimchukia. Mwaka mzima nilikula chakula chake nikiwa nimempa mgongo, na yeye hakunigombeza hata siku moja. Nilipoacha kumchukia yeye nikaanza kujichukia mimi, kwa sababu nami niliimba, tena kwa sauti kubwa, ili mama asikie kwamba sijamwaibisha.

Mvua za kwanza zilipoanguka bibi alichukua jembe, akaenda kiwanjani, akaanza kulima palepale katikati. Katibu akaja kumkanya, mali ya umma hiyo. Bibi hakuinua kichwa. "Niliishindilia mwenyewe," alisema, "naifumua mwenyewe." Akapanda ulezi wake. Tangu hapo hakutoka tena kumlaki mtu. Wageni walikuja mpaka mlangoni wakamkuta ameketi, na hivyo ndivyo alivyokaa hadi alipokufa.

Siku hizi pale pana nyumba za bati na kinu cha kusaga, na vijana ukiwaambia ndege ilikuwa itue hapa wanacheka. Wimbo wa kushindilia hakuna anayeukumbuka, sakafu zote saruji. Mtu akisafiri humsikii ameanza safari wala humwoni akilakiwa, anapiga simu tu, nimefika. Nasikia watu wakilalamika kuhusu uzio wa kiwanja kile cha juzi, eti unawatenga na ndugu zao. Mie huutazama kwa wivu. Uzio wa miti tu, rafiki yangu, hata wa mabua, na kijana mmoja wa kusema mama zangu, mwisho hapo. Tulichimba barabara, tukang'oa visiki, tukatoa na mashamba. Hicho kimoja ndicho tulichokosa.

Mjukuu wangu alitoka na baba yake wakivuta begi. Aliponiona nyuma ya kioo alisimama, akanyoosha mkono, akapunga huku na huku, meno yote nje. Mkono wangu ulibaki mapajani. Mpaka leo mtu akinipungia, mie husubiri kwanza nijue kama ananiita au ananifukuza.