Kikaratasi cha Mheshimiwa

Mchungaji wetu ni fundi rangi siku za kazi, kwa hiyo kidole anachopitisha kwenye Biblia hakikosi doa. Huhubiri polepole, bila kupayuka, nasi hutoka pale mioyo imetulia. Jumapili moja alikuwa anatueleza jinsi mfalme alivyomdhulumu Nabothi shamba lake, na Mheshimiwa, huyo huyo aliyejimegea uwanja wa shule yetu, amejaa kiti cha mbele. Msaidizi wake akapeleka kikaratasi: “Leo hubiri upendo.” Mchungaji akakisoma, akakichomeka kwenye ukurasa ule ule, akaendelea mpaka muda ukaisha. Mlangoni alimpa Mheshimiwa mkono, kama anavyotupa sisi sote. “Karibu tena Jumapili, ndugu yangu. Tutaanzia pale ulipotuwekea alama.”