Kumpeleka Ngoie kwa Mama Yake, Bukama

Ngoie alitufikia Kamina peke yake, vita ikiwa imemtenganisha na watu wake barabarani. Sisi wamama wa kanisa tuna kikundi cha kusaidia vijana wa namna hiyo: tunawatafutia masomo, dawa, na jamaa zao. Alisoma vizuri, lakini chakula hakikumshuka. Ndipo mtu wa reli akaleta habari kwamba mama yake angali hai, yuko Bukama. Nikatumwa nimsindikize. Kwa nini mimi, niliyeishia darasa la sita, sijui. Labda kwa sababu bwana wangu naye ni wa reli.

Asubuhi, Kamina. Tulipanda behewa la mizigo. Ukungu ulikuwa umelala juu ya reli, na treni iliingia ndani yake polepole kama mtu anayeingia majini. Mashamba ya mahindi yalipita bila sauti. Nyumba nyingine hazikuwa na paa, na nguo zilianikwa mbele yake vilevile. Sina hakika kama nilikuwa macho muda wote.

Njiani, mwanamke mwuza samaki alitutazama. “Maman, mutoto yako hasemi? Ao umemufunga kinywa?”

“Anaenda kuona mama yake.”

“Aa! Basi minyi njo ninyamaze,” akasema, akijiziba kinywa kwa mkono.

Ngoie akanisogelea. “Maman, na kama anikatala?”

Nikamjibu kwamba mama hakatai mtoto. Nilisema kwa uhakika kuliko niliokuwa nao.

Mchana, Bukama. Lualaba ilikuwa pana, majani yakielea juu yake taratibu, hata nikahisi mto umesimama na sisi ndio tunaosafiri. Tulimkuta mama yake akitwanga muhogo, mtoto mchanga mgongoni. Alipomwona Ngoie, mchi ulibaki hewani. Hakuja. Alirudi nyuma.

Bibi yake Ngoie akatoka mlangoni. “Mutoto yetu tulimulilia. Matanga tulimaliza. Weye njo nani?”

“Minyi njo Ngoie, kambo,” akamjibu bibi yake.

“Ngoie iko hapa,” akasema bibi, akionyesha yule mchanga.

Nilifungua kinywa kuhubiri, nikakifunga. Niseme haki: hawakuwa wabaya. Walikuwa wamelia kweli, na kwetu jina la marehemu likipata mtoto, machozi yanapumzika. Nani apende kuyaamsha?

Ngoie akafungua kitambaa chake cha kichwani, akapiga magoti, akakinyoosha kwa yule mchanga. “Jambo, majina yangu. Zawadi yako njo hii.” Ndiyo desturi: mwenye jina humletea zawadi “majina” yake, yaani aliyeitwa kwa jina lake. Mtoto akakitia kinywani.

Bibi akatazama sana. “Mufu hawezi kuleta zawadi ya majina,” akasema polepole. Akaingia ndani, akarudi na pemba, ule udongo mweupe wa furaha, akampaka Ngoie usoni na mikononi. Hapo mama yake akatupa mchi.

“Mutoto yangu, umekonda! Bale bantu ya Kamina banakulisha nini?”

Nilitaka kujitetea, lakini sikuwa na hakika.

Kurudi, nilirudi peke yangu. “Atasoma,” mama yake aliniambia, “lakini kwanza akule kwangu.” Atakuja shule ikifunguliwa.

Kamina wamama waliniuliza nilifanya nini kule. Nikasema sikufanya kitu, nao wakadhani ni unyenyekevu. Nilichojifunza, kama sikosei, ni hiki: kazi yetu ilikuwa kumfikisha mlangoni. Kuingia, aliingia mwenyewe.