Kibuyu cha Mama Awoi

Mama yangu, Awoi, hakuwahi kulala chini ya bati maishani mwake. Alifuga ngamia wawili na mbuzi nje kidogo ya Kakuma, na kwake mtu mwenye afya ni yule aliyeshiba maziwa. Basi mwaka 1974 nilipopelekwa shule ya bweni Lodwar, nikiwa na miaka kumi na mitatu, alinihurumia tumbo kabla ya kitu kingine chochote.

Hakukosea. Ugali na maharagwe ya bwenini vilinifunga choo siku nne, kisha nikahara hata nisiweze kukaa darasani. Wenzangu wa mjini walicheka, wakasema tumbo langu bado linachunga mbuzi. Niliyalilia maziwa ya ngamia wa mama. Likizo nilibaki bwenini kwa kukosa gari, na baada ya miaka miwili ugali ulikuwa umenikubali. Sikujua kwamba maziwa nayo yamenikataa.

Niliporudi nyumbani, ukame ulikuwa umemaliza malisho. Mama alinipa kibuyu cha maziwa mgando aliyoniwekea siku kadhaa, wadogo zangu wakitazama tu. Nikanywa. Kabla jua halijatua nilikuwa nimekimbilia vichakani mara tano. Siku ya pili nikayamwaga nyuma ya kibanda. Kwetu maziwa hayamwagwi. Mama akauona mchanga ulioloa.

"Nakeno, maziwa yangu yana kosa gani?"

Niliona haya kutaja kuhara kwangu, na kwamba tumbo langu ndilo lililoyasahau maziwa. Kwa kiburi cha kijinga nikajibu, "Shuleni wanasema vibuyu vina uchafu."

Hakunikaripia. Alitia makaa ya moto ndani ya kibuyu, kama tunavyosafisha vibuyu kwetu, akakitikisa, akakinusa, akarudia tena asubuhi nzima. Kisha akampeleka mbuzi mmoja dukani Kakuma, akarudi na unga wa mahindi. Hakuwa amewahi kusonga ugali; ulijaa mabonge na uliungua chini. Akaniandalia peke yangu, akaketi kando kama aliyepokea mgeni.

Nikaumaliza wote. Nilitaka kumwambia ukweli, nikasema kesho. Nikasema kesho likizo ile, na likizo zilizofuata.

Mama alifariki mwaka 1979, mimi nikiwa Lodwar. Mdogo wangu Ekuru aliniambia kwamba kila nilipokaribia kurudi, mama alikitia kibuyu kile makaa mara tatu. Naumia hadi leo. Kibuyu kilikuwa safi siku zote, na mimi pekee ndiye niliyejua.