Ubao wa Kantini

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili nilikuwa mtu wa mapokezi katika zahanati moja ya Kitengela, na kwa kuwa nilijua kupiga chapa, nikakabidhiwa barua pepe. Tulikuwa na anwani moja tu. Humo zilipita zamu za wauguzi, maombi ya likizo na matangazo ya siku za kupima macho. Neno la siri lilikuwa limeandikwa kwenye kalenda ya ukutani. Nilijiona mtaalamu hasa.

Kazi niliyojivunia zaidi ilikuwa kuvuta wateja kutoka mashamba ya maua ya Isinya. Wafanyakazi wa huko hawakuwa na barua pepe, lakini ofisi ya shamba moja ilikuwa na kompyuta na karani. Nilikubaliana naye kwamba chochote kitakachotoka kwetu atakichapisha na kukibandika kwenye ubao wa kantini, ambapo kila mtu hupita na sahani yake. Tangazo la kwanza lilituletea foleni mpaka barabarani. Mkuu wetu wa wauguzi, mama mkali asiyecheka ovyo, alinipa mkono siku hiyo.

Miongoni mwa waliokuja alikuwa mwanamke kutoka Ukambani, mkata maua, aliyeishi chumba kimoja na wenzake watatu. Alipatikana na kifua kikuu. Hakuwa na simu, kwa hiyo alituachia anwani ya shamba, akaniambia kwa sauti ya chini, "Hao tunalala na wao wasijue. Watanifukuza." Nikamwambia asijali, siri yake iko kwangu.

Mwezi wa pili hakuja kuchukua dawa. Niliingiwa na hofu ya kweli, maana tulijua kuacha dawa katikati ni hatari. Nikakaa kwenye kompyuta, nikaandika jina lake, nikaandika ugonjwa, nikaandika aje haraka, nikatuma shambani. Kisha nikaenda kunywa chai, roho imetulia.

Kesho yake alikuja, godoro lake limekunjwa kichwani. Alikuwa amechelewa kwa sababu ya kunyimwa ruhusa kazini, basi. "Imebandikwa kwa ubao," aliniambia. "Karibu na tangazo lenu la macho." Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Nilimpigia karani simu kwa hasira, nikitafuta wa kulaumu. "Si wewe ndio uliniambia kila kitu nibandike?" akauliza, na hakuwa na kosa. Nikaenda nyuma ya kabati la mafaili nikalia.

Mkuu hakunifukuza. "Unanywesha wodi nzima kwa kikombe kimoja, halafu unashangaa," alisema. Wiki hiyo hiyo anwani ile ikabaki ya matangazo tu, wafanyakazi wa zahanati wakafunguliwa anwani zao, na kalenda ikatolewa ukutani. Mambo ya mgonjwa hayakuandikwa tena kwenye barua pepe. Lakini kwanza, jioni ile, tulimrudisha mwanamke yule Isinya. Mkuu aliketi na wale watatu, akawaeleza kwamba anayemeza dawa vizuri haambukizi tena baada ya muda mfupi, na kwamba wao pia waje wapimwe. Wawili walikubali akae. Wa tatu alibeba vitu vyake akahama.

Tangu hapo, kila nilipokuwa na neno lake, nilikwenda kumwambia kwa mdomo wangu, kando ya lango la shamba. Aliitikia asante bila kunitazama, akarudi kazini. Sikumlaumu, ingawa iliniuma.

Alipomaliza dawa, majibu yalikuja safi. Nikamwinamia pale mapokezi na kumwambia polepole, kama tulivyozoea. Akanikazia macho.

"Sasa hii unaninong'onezea ya nini? Enda kwa hiyo kompyuta yako. Tuma kwa ile ya matangazo. Sema nimepona. Nataka ibandikwe hapo hapo."

Nilimuuliza mara mbili kama ana hakika. Akavuta kiti, akaketi ubavuni mwangu, akawa anasoma kila neno kwenye kioo. Nilikuwa nimeanza na jina la zahanati.

"Jina langu ndio litangulie," alisema.

Nikalipandisha juu kabisa, kwa herufi kubwa, kisha nikamsogezea kipanya abonyeze yeye mwenyewe.