Makofi Yasiyotaka Mwangwi

Isdori alichoka masikio. Wakulima wa pale Kizwite walichoka migongo, wachuuzi walichoka miguu, na kila mmoja alijua alale vipi ili apone. Yeye hakujua masikio hulazwa wapi. Tangu asubuhi alikuwa amekaa mbele ya kompyuta, katika chumba alichofunika kuta zake kwa magunia na magodoro makuukuu, akisikiliza wimbo mmoja mpaka maneno yakaanza kumpotea.

Alikuwa mtu wa makamo, mpole wa kupitiliza. Alipomaliza darasa la saba alijifunza kutengeneza redio, na kwa miaka mingi redio zilimlisha. Kisha biashara huria ikaingia, mitaa ya Sumbawanga ikajaa redio za bei rahisi kutoka Tunduma, na watu wakaacha kutengenezesha. Iliyokufa ilitupwa, ikanunuliwa nyingine. Ndipo alipojikongoja akapata kompyuta iliyokwisha tumika, akaanza kurekodi kwaya nyumbani. Mikono yake ilikuwa myepesi, mdomo ndio uliokuwa mzito. Mteja alipomuuliza jambo, Isdori alijibu huku akiutazama waya.

Wimbo uliomchosha ulikuwa wa Angela, mjane wa Mwazye. Mumewe, Kornel, alifariki ghafla wakati Angela yuko Kipili akinunua dagaa wa kuuza. Alipofika nyumbani, kaburi lilikuwa limeshafunikwa. Upande wa mume haukumsamehe. Walisema hakumsalimia marehemu, na mwanamke asiyemsalimia mumewe mara ya mwisho alikuwa na shughuli gani kubwa kuliko hiyo? Aliyesema kwa sauti kuliko wote ni mama mkwe wake, Bibi Dominika.

Basi Angela akatunga wimbo wa kupigwa siku ya kumaliza msiba. Mwanzoni, kabla ya neno lolote, alichuchumaa na wenzake wawili mbele ya maikrofoni, wakakunja viganja kidogo na kupiga makofi yale ya taratibu, ya chini, kama Wafipa wanavyomsalimia mtu wa kuheshimiwa. Hiyo ndiyo salamu aliyoikosa kuitoa. Wimbo mzima ulisimama juu yake.

Wa kumpa Isdori kazi ya ziada alikuwa Lwitiko, mfanyabiashara kutoka Mbeya mwenye duka la vifaa vya umeme mjini. Siku hiyo alikuja na CD mkononi, amefurahi kana kwamba amezaliwa upya.

"Mzee Isdori, umaskini wa sauti umekwisha! Humu mna vijiprogramu vya kuongeza kwenye programu yako ya kurekodia. Mna vya mwangwi, mna kompresa."

"Kompresa? Ile ya kujazia matairi upepo?"

Lwitiko alicheka mpaka akaegemea mlango. "Wewe bwana utaniua! Hii inaminya sauti. Anayepiga kelele inamshusha, anayenong'ona inampandisha, wote wanakuwa sawa. Ujamaa mtupu!"

"Nilidhani ujamaa umeshaondoka," Isdori alisema polepole, akiutazama waya.

Vijiprogramu viliingia vingi, na majina yote yalikuwa ya Kiingereza. Isdori akachagua kwa picha. Mwangwi mmoja ulikuwa na picha ya pango, mwingine bafu, mwingine ukumbi, mwingine kanisa refu lenye madirisha ya rangi. Wale akina mama walikuwa wanakwaya, akachukua kanisa. Nani angemweka mjane bafuni? Kompresa aliichagua yenye mshale mkubwa kuliko zote, akaikaza mpaka mwisho, kwa kuwa Angela aliimba kwa sauti ndogo na alitaka asikike.

"Hapo sasa!" Lwitiko alipiga paja. "Umewapeleka Ulaya!" Akaondoka akipiga mbinja.

Isdori naye aliona ni kazi nzuri. Aliurudia wimbo tena na tena, akipunguza hiki, akiongeza kile, mpaka uchovu ukampanda kichwani. Mkewe Stefania alikuwa uani akipepeta maharage. Akasimamisha ungo.

"Baba Rahel, huko ndani anashangiliwa nani?"

"Hashangiliwi mtu. Ni wimbo wa msiba."

"Msiba wa vifijo? Mimi nilidhani ni mkutano wa kampeni."

Isdori akarudisha wimbo mwanzo, safari hii akifumba macho. Stefania alisema kweli. Kompresa ilikuwa imeyanyanyua yale makofi ya chini yakalingana na kuimba, na kanisa lile refu likayachukua makofi ya wanawake watatu likayageuza ya umati. Salamu haikuwapo tena. Kulikuwa na watu wengi wakifurahi kwamba Kornel amekufa.

Akahisi baridi, na si ile ya upepo wa Ufipa. Kama Bibi Dominika angelisikia hilo, Angela asingekuwa na pa kuelekeza uso katika ukoo ule.

Alijaribu ukumbi, umati ukapungua, haukutoweka. Alijaribu bafu, makofi yakawa kama ya mtu anayeua mbu. Kuyatenga na sauti hakuweza, maana vyote viliingia kwa maikrofoni moja. Mwisho aliutoa mwangwi wote, na kompresa akailegeza ikabaki kidogo tu, kama chumvi kwenye mboga ya mgonjwa. Akaegemea kiti. Hakujua tena kama wimbo ni mzuri au mbaya.

Angela aliingia akiwa bado na vumbi la safari. Isdori akamwekea.

"Kaka Isdori, mbona nasikika kama niko jikoni? Kwaya za wenzetu zina mwangwi. Au wetu umewekewa foleni?"

Isdori alitamani waya umsemee. Stefania akamtolea macho kutoka mlangoni.

"Dada Angela," alisema hatimaye, "nitakuwekea wenye mwangwi. Usiniambie kama ni mzuri. Niambie umesikia nini."

Akaweka ule wa kanisa. Angela alianza kutabasamu, kisha mdomo ukabaki wazi. Makofi yalipokwisha alikuwa amekaa chini, kwenye godoro.

"Yesu wangu. Wanashangilia."

"Ndiyo hivyo."

"Sasa huu mwingine, usio na kitu, pale nilipokwama kwa kilio… panasikika?"

"Panasikika. Mwangwi ungepafunika, lakini ungefunika na salamu."

Angela alijifuta uso kwa ncha ya kitenge. "Waniache nilivyo. Nirekodie huo kwenye kaseti. Na wewe uje, redio ya kule inatafuna kanda."

Isdori alikwenda Mwazye na redio yake mwenyewe, akisinzia njia nzima. Baada ya misa na chakula, aliiweka kwenye kigoda katikati ya ua, akabonyeza. Makofi ya chini yakatoka, makavu, ya karibu, kama ya watu waliochuchumaa pale pale. Mazungumzo yakakatika.

"Nani huyo?" Bibi Dominika aliuliza kutoka mkekani.

"Ni Angela, mama," mtu alimjibu. "Anamsalimia Kornel."

Wimbo ukaenda. Ulipofika pale sauti ilipokwama, Angela aliinama akatazama ardhi, na wifi zake wakatazamana. Isdori alishika kitufe, tayari kuzima akiamriwa.

Bibi Dominika alimeza kilichokuwa mdomoni.

"Amechelewa," alisema. Akajisogeza kidogo mkekani. "Ila amesalimia. Njoo ukae huku, mwanangu, huko unapigwa na upepo."

Angela akanyanyuka, akaenda kukaa mkekani kando yake.

"Na wewe fundi, rudisha mwanzo. Nilikuwa natafuna, sikusikia vizuri."

Isdori akarudisha. Akarudisha tena walipofika majirani wa ng'ambo ya mto, na tena mtu alipoomba, mpaka betri zikalegea na sauti ya Angela ikawa nzito kama ya mwanamume. Hapo akazima, akamwuliza mwenye nyumba, kwa sauti ambayo hata kompresa isingeinyanyua, kama kuna mahali anapoweza kujinyoosha kidogo.