Daftari ya mashua za Wajapani karibu iniue ku barrière ya Beni

Wakuu, salamu kutoka Butembo. Kiswahili yangu ni ya Congo, mutanivumilia. Hii ninayoandika ilinipata mimi mwenyewe. Mwenye kubisha amuulize bibi yangu (huku kwetu bibi ni mke), iko hapa anachagua maharagi.

Mbele ya vita nilikuwaka commis, ni kusema karani, ku bandari ya pirogue (mitumbwi), ku ziwa, Lac Édouard. Kila pirogue ikitoka, naandika jina yake na hesabu ya batu benye kuwa ndani. Miaka saba, jina na hesabu.

Vita ikatukimbiza. Tukarudi Butembo, tukaanza kuuza maharagi ya Musienene. Hapana lac tena. Niliikumbuka ile maji sana, wakuu, musinicheke.

Siku moja ku bibliothèque ya paroisse, maktaba ya kanisa, nikapata kitabu ya français juu ya mashua za zamani za Wajapani. Nikaipenda bure.

Mchana bibi yangu, Mama Paluku, akichagua maharagi, mimi namusomea. Marukibune, mutumbwi ya kuchonga mu muti moja, kama yetu. Ikada, miti ya kufunga pamoja. Takasebune, chini bapa, ya mito yenye maji kidogo.

Ananijibu, "Baba Paluku, hiyo majina tutaikula na nini?"

Mais nikaiandika mu daftari. Na ujinga yangu ni hii: mukono ya commis haisahau. Pembeni ya kila jina nikaweka hesabu ya batu. Marukibune 3. Takasebune 12. Watashibune, ile ya kuvusha batu ku muto, 20.

Donc siku tunapeleka maharagi Beni, tuko juu ya camion, soda (askari) moja wa barrière, pale banafunga barabara, akafungua sakosi, mufuko yangu. Akasoma daftari. Akaita commandant.

"Watashibune makumi mbili. Takasebune kumi na mbili. Hawa ni basoda wa nani? Wako wapi?"

Nikaangalia ile karatasi na macho ya commandant, nikaona iko na haki. Majina ya kigeni, hesabu ya batu, mutu anatoka Butembo anaenda Beni. Wiki ile basoda walikuwa wamepeleka mutu mumoja nyuma ya nyumba ya mabati pale, na hakurudi. Batu ba camion wakaangalia chini.

Nikaeleza. Ni mashua, chef. Za Japon.

Akaweka kidole juu ya jina moja. "Na hii, ukaibune?"

"Ni ya kuvua, chef. Banavua na ndege. Banamufunga kamba ku shingo asimeze samaki."

Nilipomaliza kusema, nikajua nimekufa.

"Unanichezea," akasema polepole.

Basoda babili wakanishika, wakanivua viatu. Sisemi uongo wakuu, nilijikojolea kidogo.

Kisha commandant akauliza kama niko na mutu wangu hapa. Nikaonyesha camion, na roho ikaniuma kumuingiza mule. Wakanigeuza uso ku ukuta ya ile nyumba ya mabati, kinywa nisifungue. Wakamuleta Mama Paluku.

"Mama, ukaibune ni nini?"

Nikasikia anavuta pumzi.

"Afande, ile ya ndege? Nilimuambia mbele ya batoto, hiyo ni uongo. Ndege gani atafungwa shingo, avue samaki, akubali kumupatia mutu? Tuligombana siku nzima. Na ile ikada, namuuliza tukipakiza maharagi juu yake yatalowa ao hapana, hata hanijibu. Huyu mwanaume hapana na akili ingine, ni mashua tu."

Commandant akachukua bic yake ya kuandikia, akafuta hesabu moja moja mpaka ya mwisho. Akanirudishia daftari na viatu.

Ku camion Mama Paluku alishika mukono ya shati yangu. Tulipoingia Beni ndiyo akafungua kinywa.

"Baba Paluku, ile ya kuvusha batu, ya makumi mbili, jina yake nani? Nilikuwa nimeisahau. Niliomba Mungu commandant asiniulize hiyo."

"Watashibune," nikamuambia.

Akairudilia mara tatu, sauti chini, akilia.

Nilichojifunza: wakati wa vita usiandike hesabu ya batu, hata ya mashua za Japon. Na mwenye kukugombeza kila siku, pengine ndiye anakusikia kuliko wote.

Sasa wewe mkuu, ukigeuzwa uso ku ukuta, nani wa nyumbani kwako anaweza kukujibia? Andika hapa chini, nitasoma zote. Mama Paluku pia anataka kusikia.